Mwanangu amenichora mgongo

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 37, mama wa watoto wawili: wa kiume ana miaka 14, wa kike ana 8. Tunaishi Msaranga hapa Moshi. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Dar na kurudi, kwa hiyo nyumbani tunamwona siku mbili au tatu kwa wiki. Mama mkwe tunaishi naye tangu mwaka juzi, miguu ilipoanza kumsumbua. Mimi ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini.

Nakuandikia jambo ninaloona aibu kumweleza mtu, maana likitoka mdomoni linasikika kama deko. Sina shida, Shangazi. Hatulali njaa, watoto wanasoma, mume wangu si mlevi wala hana mkono mwepesi, na mama mkwe ananipenda kama aliyenizaa. Lakini sina furaha. Siyo kwamba nalia. Ni kama kula chakula kisicho na chumvi: unakula, unashiba, unaosha sahani, basi.

Tulipanga Majengo miaka tisa, chumba na sebule, choo cha kushirikiana na wapangaji wengine. Miaka yote hiyo nilijiambia, tukihamia kwetu nitapumua. Tulijenga kidogokidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule tofali, hela ikikatika tunasimama. Tukahamia Desemba 2022. Siku ya kwanza nilivua viatu nikapita chumba kimoja kimoja, nasikia ubaridi wa marumaru kwenye nyayo, nikalia. Ilipofika Pasaka nilikuwa nimeshaanza kununa kwa sababu ya uzio. Uzio tukajenga. Sasa nawaza gari, na moyoni najua gari nalo likija litanifurahisha mpaka lichafuke.

Siku zangu zote zinafanana. Naamka saa kumi na nusu, nachemsha chai, naandaa watoto, gari la shule linapiga honi, nakimbilia daladala. Dukani mpaka saa kumi na moja jioni. Napitia Mbuyuni kununua mboga, nafika nyumbani napika, naosha vyombo, napiga pasi sare. Halafu nashika simu. Naangalia status za watu: huyu yuko Zanzibar, yule kanunua sofa, mwingine kavishwa pete. Nikishtuka ni saa sita usiku.

Nilimgusia mama mmoja wa jumuiya yetu. Akaniambia, "Mwenzangu, wewe shukuru. Kuna watu wapo KCMC wanapumulia mashine." Ni kweli kabisa. Nikarudi nyumbani najiona mkosaji, na furaha haikuja.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Wiki tatu zilizopita binti yangu alipewa kazi shuleni, achore familia yake. Kamchora baba yake kwenye usukani, anacheka meno yote nje. Kaka yake na mpira. Bibi yake kwenye kiti chake na fimbo yake. Mimi kanichora mgongo. Kilemba, kanga kiunoni, visigino viwili. Sina uso. Mwalimu kaweka vema na kuandika "Vizuri sana". Nikamwuliza, "Mbona mama umemchora mgongo?" Akanijibu bila ubaya wowote, "Si ndivyo unavyokuwaga, mama, jikoni?" Akatoka kwenda kucheza.

Ile karatasi nimeikunja nimeiweka kwenye pochi. Natembea nayo.

Halafu namfikiria bibi yangu mzaa mama, kule Kibosho. Nyumba ya udongo, hana umeme, hana hata kabati. Uso wake naukumbuka wote, mpaka pengo la mbele, kwa sababu alikuwa anacheka. Mimi nina kila alichokosa. Je, ni utovu wa shukrani? Ni ugonjwa? Nifanyeje, Shangazi?

Mama wa Wawili,
Msaranga, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote nikuulize maswali, na kama huwezi kunijibu mimi, jijibu mwenyewe bila kujificha. Usingizi unakuja ukilala? Chakula kinapita? Kuna asubuhi mwili unakuwa mzito kama mfuko wa simenti ulionyeshewa, hata kuoga ni mlima? Limewahi kukujia wazo kwamba afadhali usingekuwepo? Kama huo utupu umekukalia karibu kila siku, kutwa, kwa wiki mbili au zaidi, na hayo mengine yamefuatana nao, basi hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una tiba. Nenda hospitali ya Mawenzi au hapo KCMC uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Na kama hilo wazo la mwisho limekujia hata mara moja, usingoje wiki mbili. Mwambie mumeo leo, na uende leo.

Katika barua yako sikuyaona hayo. Nimemwona mama anayeamka, anayepika, na ambaye mchoro wa mtoto umemchoma mpaka anatembea nao kwenye pochi. Moyo uliokufa ganzi haubebi karatasi ya namna hiyo. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu ambaye moyo wake uko macho ila umechoshwa.

Kwanza nitoe hatia njiani. Huyo mama wa jumuiya alisema kwa upendo, na mimi pia ni mtu wa kusali, lakini hapo sikubaliani naye. Mgonjwa wa KCMC hakulazwa ili sisi tupate hamu ya kula. Ukimfanya yeye kuwa chumvi ya ugali wako, bado hujamshukuru Mungu kwa chochote. Umejipima tu na aliye chini yako, kama ambavyo usiku unajipima na walio juu yako kwenye simu. Mizani ni ileile. Shukrani niliyofundishwa nyumbani ina mtu wa kuipokea. Bibi yako wa Kibosho hakusema "aika", asante ya Kichaga, akaishia hewani. Alisema "aika mae" kwa mama, "aika mbe" kwa baba, akiwa anamtazama aliyemletea maji. Hilo litunze, nitalirudia.

Pili, hujarogwa. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wataalamu wa saikolojia walikuja kulipima jambo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili huko Marekani walichapisha utafiti juu ya watu 22 walioshinda pesa nyingi kwenye bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Waliwalinganisha na watu wa maeneo yaleyale ambao hawakushinda chochote. Washindi hawakuwa na furaha ya kuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Kilichonigusa zaidi ni maswali madogo waliyoulizwa: unafurahia kiasi gani kuzungumza na rafiki, kunywa chai ya asubuhi, kusikia kichekesho, kusifiwa? Washindi ndio waliopata raha pungufu kwenye mambo hayo. Ni watu wachache, najua, lakini nilipoyasoma nikakumbuka jinsi taa kali ya gari inavyokufanya usione nyota. Ushindi mkubwa ulikuwa umeyapofusha macho yao kwa vitu vidogo.

Nawe kwa miaka tisa uliwasha taa moja tu, nyumba. Kila siku ya Majengo uliihesabu kama foleni ya kufika Msaranga. Ebu kumbuka vizuri, mwanangu: pale Majengo hakukuwa na kicheko kwenye bomba la maji? Hakukuwa na mpangaji aliyekupigia hodi kukuomba chumvi akakaa nusu saa? Nimewahi kuishi nyumba za namna hiyo. Kero zake nazijua. Najua pia kwamba mtu anaweza kuishi miaka tisa kwenye furaha fulani bila kuigusa kwa sababu ameiandika jina la "kusubiri".

Gari nunueni. Sitakuambia uache kutafuta, hiyo isingekuwa kauli ya mtu anayewapenda. Ila usiliwekee gari mzigo ulioiwekea nyumba.

Sasa ngoja nikae kwenye mchoro, maana jibu lako liko pale na aliyelichora ana miaka minane.

Binti yako hakukusema vibaya. Alichora alichokiona. Nikajiuliza, jikoni kwa huyu mama pamejengwaje hata mtoto amwone mgongo siku zote? Nadhani napajua, maana ndivyo tunavyojenga sote siku hizi: kaunta imejengewa ukutani, sinki lipo chini ya dirisha, jiko la gesi limeegemea ukuta. Jiko safi, halina moshi, kila mwanamke wa rika langu angelipenda. Lakini mpishi wa jiko hilo anatazama ukuta.

Bibi yako alipika kwenye mafiga matatu, na moto ulikuwa katikati. Aliyepika na waliokuwa wanaota moto walikaa kuuzunguka, wanatazamana. Mikono yake ilimenya ndizi za mtori huku macho yake yakiwa kwenu. Akisikia neno anacheka na nyinyi mnauona uso unaocheka. Ndiyo maana pengo lake unalikumbuka mpaka leo. Sitaki useme maisha yake yalikuwa mepesi. Alichota maji mfongoni, kwenye mfereji, alibeba majani ya ng'ombe kichwani, moshi ulimtoa machozi miaka yote, na huenda yapo aliyolia usiku ambayo nyinyi wajukuu hamkuyasikia. Alikuwa na kazi nyingi kuliko zako. Ila kazi yake ilimgeuzia uso kwa watu, na yako imekugeuzia ukutani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kifundi kabisa: geuka. Kazi yoyote ya jikoni inayofanyika umekaa, itoe jikoni. Kuchambua mchicha, kumenya vitunguu, kuchagua mawe kwenye maharage, kukata ndizi, vyote weka kwenye sinia au ungo, chukua kigoda, kaa mlangoni au barazani. Jikoni uingie kwa ajili ya kukaanga na kukoroga tu. Kama kuna nafasi, tafuta meza ndogo iwekwe katikati ya jiko, usimame upande wa pili, uso kwenye mlango. Fundi seremala wa mtaani anaitengeneza kwa mbao zilizobaki kwenye ujenzi, na wewe hapo dukani unajua bei ya misumari kuliko mimi.

Na mama mkwe wako: miguu inauma, mikono haiumi. Mpe nusu ya maharage. Usimpe kwa sababu unataka kusaidiwa, mpe kwa sababu mikono miwili ikiwa kwenye ungo mmoja maneno yanatoka yenyewe. Mwulize habari za mume wako, alikuwa mtoto wa aina gani. Mwulize alipokuwa na umri wako alikuwa anapenda nini. Mtu anayekaa kwenye kiti chake na fimbo kutwa nzima ana hadithi ambazo hakuna aliyemwomba.

Hapohapo niseme la uchovu, maana nisipolisema nitakuwa nimekudanganya. Unaamka saa kumi na nusu alfajiri, unalala saa sita usiku. Mtu anayelala kwa muda wa saa nne na nusu tu hafurahii hata harusi. Kijana wa miaka 14 mwenye nguvu za kukimbiza mpira jioni nzima aoshe vyombo, na sare yake apige pasi mwenyewe. Usimwombe kama msaada, mpe kama zamu yake. Binti ataweza kufagia na kupanga vikombe. Simu ikifika saa tatu ilale sebuleni, wewe ukalale chumbani. Hilo la simu sitalirefusha, unalijua.

Nikuambie yaliyonipata mimi. Mwaka 2016, wakati wa masika, niliteleza kwenye tope nikavunjika mguu. Nikafungwa POP, wiki sita nimekaa barazani, hapa Soweto. Wiki ya kwanza nililia kwa kuchoka kukaa. Wiki ya pili, kwa kukosa cha kufanya, nikaanza kuona. Nikamjua muuza maziwa kwa kengele ya baiskeli yake kabla hajakata kona. Nikajua kwamba kuna mama wa ndizi ambaye kila asubuhi alikuwa anapumzika kwenye ngazi yangu kabla ya kuendelea na beseni lake, miaka yote, na mimi sikujua kwa sababu saa hiyo nilikuwa nimeshaondoka kwenda kazini. Tukawa tunasalimiana. Kisha akawa ananiachia habari moja kila siku, ndogo tu: mbuzi wake kazaa mapacha, bei ya mkungu imeshuka, mkwe wake kajifungua na yeye anampikia mtori.

Na mlima. Nimezaliwa chini ya Kilimanjaro na nilikuwa najua kwa maneno tu kwamba mlima una saa zake. Zile wiki sita nilizishuhudia. Alfajiri, wingu likikubali, kilele cha Kibo kinakuwa wazi, cheupe, na kile cha Mawenzi pembeni yake na meno yake. Jua likishapata nguvu, hewa yenye unyevunyevu inapanda kutoka msituni, inakuwa mawingu, na ikifika adhuhuri mlima umeshajifunika. Jioni hewa ikipoa mara nyingine unafunguka tena, na theluji inashika rangi ya waridi kwa dakika chache. Kuna siku za masika haukutoka kabisa. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuupanda mpaka mita 5,895, na sisi tunaoamka nao tunapita tumeinamisha shingo. Penye miti hapana wajenzi. Sikuambii uupende kama mtalii. Nakuambia tu kwamba kila asubuhi unapokimbilia daladala, mlima uko upande wako wa kaskazini, na kutazama hakukucheleweshi.

POP ilipofunguliwa nilirudi kwenye mbio zangu, na nusu ya yale nikayapoteza. Nakiri hivyo ili usije ukadhani nakuhubiria kutoka juu. Nilichobakiza ni kikombe kimoja cha chai, asubuhi, nje, bila simu. Kimoja tu. Lakini hicho sikiachi, na mama wa ndizi bado anapita.

Kuna utafiti mwingine unaonisaidia kueleza kwa nini kikombe kile kinanitosha. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya kuwauliza watu zaidi ya 2,000 kupitia simu zao, saa yoyote ya siku: sasa hivi unafanya nini, unawaza hicho unachofanya au kingine, na unajisikiaje? Asilimia 46.9 ya muda, karibu nusu, akili za watu zilikuwa kwingine. Na zilipokuwa kwingine watu walikuwa na furaha pungufu, hata wakati kazi waliyokuwa wanaifanya haikuwa ya kupendeza. Hata waliokuwa wanawaza mambo matamu hawakuwazidi wale waliokuwepo palepale walipo. Nimelifikiria sana hilo kwenye kuosha vyombo. Tunadhani kazi ya kuchosha inapungua uzito ukiwaza gari huku unasugua sufuria. Inaonekana sivyo.

Usijaribu kuwepo kutwa nzima, utachoka siku ya pili. Chagua kazi moja kwa siku. Ningekuwa wewe ningechagua sare ya binti, angalau kwa sasa, maana bado ni ndogo kiasi kwamba mikono yote miwili ya shati inaenea kwenye kiganja na mkono wako. Piga pasi ile kola ukijua ni ya shingo ya nani. Mwaka ujao haitamtosha.

Na kazini kwako, mwanangu, hapo ndipo ninapokuonea wivu mwema. Unakaa dirishani ambapo watu wanalipia nyumba zao. Mtu anakuja kununua bati kumi, anarudi baada ya miezi mitatu kununua kumi nyingine, noti zimekunjwakunjwa kwenye kitambaa. Wewe unamjua huyo mtu kuliko mtu yeyote mjini Moshi, maana ulikuwa yeye. Siku anaponunua kofia za bati, ujue anamalizia paa. Mwulize, "Mmefikia wapi?" Mwambie, "Hongera." Ni neno moja, foleni haitasimama, na yeye huenda hajalisikia kwa mtu yeyote tangu alipoweka msingi. Nilikuambia shukrani ina mtu wa kuipokea. Na kufurahia nako kuna mtu wake. Lugha yetu imelijua hili zamani: tunampa mtu pole na kazi, tunamwuliza umeamkaje, umeshindaje, za tangu asubuhi. Kutwa ya mtu ya kawaida kabisa, isiyo na harusi wala msiba, inaulizwa habari zake. Tatizo letu ni kwamba tunajibu "nzuri" kabla swali halijaisha. Jaribu mara moja kwa siku kulijibu kwa kweli, au kulisubiri jibu la mwenzako.

Mumeo naye. Akipiga simu kutoka Segera au Chalinze, mazungumzo yenu nayakisia: umefika wapi, umekula, ada ya mtoto, gari limezingua? Yote ni ya lazima. Ongeza moja: leo umeona nini njiani? Mwanaume huyo anapita chini ya milima ya Upare na Usambara kila wiki, anapita mashamba ya mkonge Korogwe, anasimama Mombo kula, anaona watu na vituko, na huenda anafika nyumbani nayo yote yamemkauka mdomoni kwa kukosa wa kumwuliza. Mtoto kamchora anacheka meno yote nje. Kicheko hicho anacho. Kiombe.

Kama unapenda kuandika, andika, lakini usifanye kila siku. Watafiti wanaoshughulika na shukrani, mmoja wao Sonja Lyubomirsky wa Marekani, waliona kwamba walioandika mambo wanayoyashukuru mara moja kwa wiki walinufaika, na walioandika mara tatu kwa wiki hawakunufaika. Naelewa kwa nini. Shukrani ikilazimishwa kila jioni inakuwa kama daftari la madeni dukani. Chukua Jumapili baada ya kanisa, andika mambo yasiyozidi matano, na yawe na jina, mahali na saa. Usiandike "nashukuru kwa familia". Andika "Jumatano mama mkwe alicheka mpaka fimbo ikaanguka".

Ile karatasi itoe kwenye pochi kabla haijachanika kwenye mikunjo. Ibandike jikoni, kwenye huo ukuta unaoutazama, mtoto aone kwamba hujaionea aibu. Ila usimwombe akuchore upya. Ni mtoto mwenye akili, atajua unataka nini, na atakuchorea uso ili kukufurahisha.

Jumamosi mchana, mumeo akiwepo au asiwepo, beba ungo na kigoda mpaka mlangoni. Maharage nusu yako, nusu ya mama mkwe. Ukae kama nusu saa. Kisha niandikie tena, uniambie ukiwa umekaa pale unaona nini.

Shangazi yako,
Soweto, Moshi